Maji Hayana Nguvu Bafuni: Kabla ya Kununua Pampu Kubwa, Soma Kisima Chako

Kaskazi inapokaza na masika bado yako mbali, lalamiko moja husikika Amu (mji wa Lamu) yote, kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, na kijiji cha Shela vilevile. Bafu la juu linatoa uzi mwembamba wa maji. Mfereji wa jikoni, chini, unatoka vizuri tu. Pampu inanguruma kutwa. Na jawabu la barazani ni lile lile kila mwaka: "Pampu imechoka, tia kubwa." Basi ya nusu hospawa (kipimo cha nguvu ya mota) inafunguliwa, ya hospawa moja inavushwa kutoka Mokowe, bara, inafungwa, na baada ya wiki kadhaa bafu liko palepale lilipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba maji ya kisima sasa yana ladha ya chumvi.

Pesa hiyo ingeweza kubaki mfukoni, na kisima kingebaki kitamu. Maji dhaifu katika nyumba yenye kisima yana sababu chache, na kila sababu ina dalili yake. Pampu mbovu ni mojawapo tu. Kuzitofautisha kunahitaji ndoo ya lita 20, saa ya simu, kamba yenye jiwe dogo mwishoni, na asubuhi moja ya utulivu.

Nguvu na wingi

Tuanze na maneno, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Presha ni msukumo: maji yanasukumana kwa nguvu kiasi gani ndani ya paipu. Wingi ni lita ngapi zinapita kwa dakika. Fikiria watu wanaotoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Waliosimama nyuma wakisukuma, hiyo ni presha. Wanaopita mlangoni kwa dakika moja, huo ni wingi. Mlango ukiwa mwembamba, kusukuma zaidi kunaleta msongamano, na wanaotoka wanaongezeka kidogo tu. Mtu anaposema "presha iko chini", mara nyingi anachokiona ni wingi mdogo, na sababu inaweza kuwa msukumo haupo, au mlango umebana. Ni magonjwa mawili yenye dawa mbili.

Presha ya nyumbani inatoka mahali pawili tu: kimo cha tangi, au pampu inayosukuma moja kwa moja hadi mferejini. Kwa kimo, hesabu ni nyepesi: kila mita 10 za maji yaliyosimama juu ya mfereji ni kama bar 1, kile kipimo kilichoandikwa kwenye geji. Mita moja ni sehemu ya kumi ya bar. Ukubwa wa tangi haumo kwenye hesabu hii hata kidogo. Tangi la lita 5,000 na ndoo ya lita 20, maji yake yakiwa kwenye usawa mmoja, yanasukuma mfereji wa chini kwa nguvu ileile. Wanaobadilisha tangi dogo kwa kubwa wakitaka presha wanapata akiba, jambo jema, lakini presha hawapati.

Sasa ichukue nyumba ya kawaida ya ghorofa moja, tangi likiwa limekaa juu darini. Tuseme dari liko mita 7 kutoka chini na maji ndani ya tangi yana kina cha mita 1, yaani uso wa maji uko mita 8. Mfereji wa jikoni uko mita 1 kutoka sakafu ya chini: una mita 7 juu yake, yaani bar 0.7. Bafu la ghorofani, kichwa chake cha kuogea kiko mita 5 na nusu: kina mita 2 na nusu tu juu yake, bar 0.25. Tangi likikaribia kuisha, inabaki mita moja na nusu. Nyumba ni moja, tangi ni moja, na jikoni pana karibu mara tatu ya msukumo wa bafuni.

Katika nyumba hiyo pampu ya kisimani haihusiki na bafu hata chembe. Kazi yake iliisha ilipomimina maji tangini. Ukiibadilisha kwa kubwa, tangi litajaa haraka zaidi, basi. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza fundi, au la kujiuliza mwenyewe, ni hili: maji ya mfereji huu yanatoka tangini, au yanatoka kwenye pampu moja kwa moja? Zima pampu kwenye swichi yake kuu, fungua mfereji dakika tano. Yakiendelea vilevile, ni ya tangini.

Pima kwa ndoo

Weka ndoo ya lita 20 chini ya mfereji, fungua mpaka mwisho, hesabu muda. Fanya hivyo jikoni, bafu la juu, na mfereji ulio karibu zaidi na tangi au pampu. Andika. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, una lita 10 kwa dakika, na hiyo ni nyingi. Kuoga kwa raha kunataka kama lita 6 hadi 8. Ikipita dakika 5, yaani chini ya lita 4, hapo pana shida ya kweli.

Namba hizo zikishakaa kwenye karatasi, zitazame kwa pamoja. Mfereji mmoja tu ukiwa dhaifu, shida iko kwenye mfereji huo. Ghorofa nzima ikiwa dhaifu na ya chini ni sawa, ni kimo au paipu inayokwenda huko. Nyumba nzima ikiwa dhaifu, angalia mdomo wa tangi, pampu, au kisima. Maji yanayoanza kwa nguvu kisha yanalegea baada ya dakika chache yanakuelekeza kisimani. Maji yanayotema, yanakatika na kukohoa, yana hewa ndani.

Mfereji mmoja ni jambo la kumaliza haraka. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamebeba chokaa. Hiyo chokaa huganda kwenye matundu ya kichwa cha kuogea na kwenye wavu mdogo ulio mdomoni mwa mfereji. Vifungue, vizamishe usiku kucha kwenye siki au maji ya ndimu, asubuhi visugue kwa mswaki wa zamani. Angalia pia koki ndogo iliyo ukutani chini ya sinki, kwani mara nyingi fundi aliyetengeneza kitu mara ya mwisho aliifungua nusu akasahau. Na kama umefunga kichwa cha kuogea kile kipana kinachomwaga kama mvua, jua kwamba vingi vya aina hiyo vimetengenezewa nyumba zenye bar 1 na zaidi. Kwenye bar 0.25 hakina la kufanya. Tafuta chepesi chenye matundu machache makubwa.

Paipu, ule mlango mwembamba

Watu wengi huamini kwamba paipu nyembamba "inabana maji yatoke kwa nguvu". Imani hii inatokana na kidole: ukibana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, maji yanaruka mbali. Lakini kidole kinabana mahali pamoja, mwishoni. Paipu nyembamba inabana njia nzima, na maji yanapoteza msukumo yakijisugua ukutani mwa paipu tangu mwanzo hadi mwisho. Kupitisha wingi uleule kwenye paipu ya nusu inchi kunapoteza msukumo kama mara 7 kuliko kwenye ya robo tatu, na kama mara 30 kuliko kwenye ya inchi moja. Kila kona inaongeza hasara kidogo. Kwa hiyo shina linaloshuka kutoka tangini liwe la inchi moja, matawi ya kila ghorofa robo tatu, na nusu inchi ibaki kwa zile hatua chache za mwisho kufika mferejini. Nyumba iliyofanywa kinyume, nusu inchi kutoka tangini hadi chini, haitaponywa na kitu kingine chochote.

Nyumba za zamani zenye paipu za chuma zina ugonjwa wa ziada. Maji yenye chumvi kidogo hula chuma kutoka ndani, na kutu inavimba kuelekea katikati. Ukikata kipande cha paipu ya robo tatu iliyokaa miaka mingi, unaweza kukuta tundu lililobaki ni la kupitisha penseli, na pembeni kumejaa magamba ya kahawia yanayovunjika kwa ukucha. Kwa nje paipu hiyo ni nzima kabisa. Dalili yake ni maji ya rangi ya chai nyepesi asubuhi ya kwanza, kisha yanasafika, na udhaifu uliokuja polepole kwa miaka. Dawa ni kubadilisha kwa paipu za plastiki ngumu za kuunganishwa kwa moto, ambazo chumvi haizigusi. Kusukuma zaidi kwa pampu ndani ya paipu iliyooza kunatafuta mpasuko ndani ya ukuta.

Kisha iko hewa. Kuta zetu nene huwafanya mafundi wapandishe paipu juu ya mlango kisha waishushe upande wa pili. Tangi likiisha na kujazwa tena, hewa inanaswa kwenye ule mgongo wa juu, na msukumo mdogo wa bar 0.2 hauwezi kuifukuza. Maji yanakuja kama machozi au hayaji kabisa, hali tangi limejaa. Funga mpira kutoka mfereji wenye nguvu, kwa mfano wa pampu, hadi kwenye mfereji dhaifu, fungua yote miwili, usukume maji kinyume kwa dakika moja mbili mpaka usikie hewa ikibubujika tangini. Ikirudi kila tangi likiisha, weka kijipaipu cha kupumulia kilichosimama wima mara tu baada ya koki ya tangi, mdomo wake ukiwa juu kuliko kimo cha maji.

Pampu: mrija wa dafu

Nyumba ambayo pampu inasukuma moja kwa moja mferejini, au ambayo tangi lenyewe limekuwa halijai, hapo ndipo tunafika kwenye pampu. Na tukifika, tuanzie upande wa kuvuta, kwa sababu ndiko makosa mengi yalikojificha.

Pampu iliyo juu ya ardhi, kusema kweli, haivuti maji. Inaondoa hewa iliyo ndani ya paipu, kisha hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kisimani, ndiyo inayoyapandisha. Kunywa dafu kwa mrija ni jambo lilelile. Uzito wa hewa, hapa usawa wa bahari, unaweza kupandisha maji kama mita 10 kwa hesabu ya vitabuni. Kwa paipu, kona na vali za kawaida, tarajia mita 7. Mita hizo zinahesabiwa kutoka pampu hadi uso wa maji wakati pampu inafanya kazi. Kina cha kisima chote hakihesabiwi, wala uso wa maji wa alfajiri kisima kikiwa kimepumzika. Kisima chenye maji mita 5 alfajiri kinaweza kuwa mita 7 na nusu baada ya nusu saa ya kuvuta. Pampu inapofika hapo inatoa sauti ya kokoto zinazosagwa, na maji yanapungua. Hospawa haziongezi kitu hapa, kwa sababu uzito wa hewa hauongezeki. Ama shusha pampu karibu na maji, ama tumia pampu ya kuzama, ambayo inakaa ndani ya maji na kusukuma.

Mrija wa dafu ukiwa na tundu dogo la sindano unavuta hewa, na dafu halivuji popote. Ndivyo paipu ya kuvutia ilivyo. Ndani yake msukumo ni mdogo kuliko wa nje, kwa hiyo palipolegea hewa inaingia, maji hayatoki, na fundi anayetafuta mahali palipolowa hatapaona. Washa pampu, kisha mwaga maji polepole juu ya kila kiungo, kimoja kimoja, ukisikiliza. Kiungo kibovu kitakunywa yale maji badala ya hewa, na ngurumo ya pampu itabadilika kwa muda. Fungua hapo, safisha nyuzi za paipu, zungusha tepu nyeupe ya mafundi raundi 8 hadi 10 kwa kufuata upande wa kukaza, funga tena.

Chini kabisa ya paipu hiyo kuna vali inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia kushuka. Mafundi huiita futivalvu. Chembe moja ya mchanga au kipande cha tumbawe kikikaa kwenye kifuniko chake, maji yanarudi kisimani usiku, na asubuhi pampu inazunguka kavu ikitafuta. Jaribio lake: zima pampu, fungua kizibo cha kujazia maji juu yake, jaza mpaka juu kabisa, usubiri dakika 15. Maji yakishuka na viungo umeshavihakiki, vali inavuja. Ipandishe, ioshe, au ibadilishe, bei yake ni ndogo ukilinganisha na pampu. Ikirudi kisimani, ikae sentimita 30 hadi 50 juu ya mchanga wa chini, na iwe na maji yasiyopungua sentimita 30 juu yake hata kisima kikiwa kimevutwa. Ikigusa mchanga, itaupandisha.

Na mchanga ndio unaoua zile pampu ndogo za nusu hospawa tunazozipenda kwa bei. Ndani yake kuna gurudumu la shaba lenye meno mengi madogo pembeni, linalozunguka huku likikaribia kugusa ukuta. Nafasi iliyobaki ni nyembamba sana, na msukumo wote unategemea wembamba huo. Mchanga ukisugua, nafasi inapanuka, na maji yanazunguka palepale badala ya kutoka. Pampu inawaka, haijakatika, haina sauti mbaya, ila inalegea mwezi hadi mwezi. Ukiifungua, meno yamekuwa mviringo kama meno ya punda mzee. Hapo pampu imechoka kweli. Lakini ukifunga mpya bila kuinua vali na kuweka chujio, nayo itafuata.

Soma pia maandishi ya boksi kwa uangalifu. Boksi la pampu hizi husema, kwa mfano, kimo cha juu mita 40, wingi wa juu lita 40 kwa dakika. Mnunuzi anadhani atapata vyote viwili pamoja. Hapati. Mita 40 ni pale ambapo hakuna tone linalotoka, na lita 40 ni pale ambapo haipandishi kitu. Kwa aina hii ya pampu, ukitaka mita 20 tarajia kama nusu ya wingi.

Umeme nao unahusika. Umeme wetu wa kawaida ni volti 240. Nguvu ya mota ya kugeuza hupungua haraka kuliko volti: zikishuka hadi 200, inabaki kama asilimia 70 tu. Ikiwa pampu iko uani, umbali mrefu, na inalishwa kwa waya mwembamba wa nyumbani, volti zinapotea njiani. Fundi wa umeme apime kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi, na akute waya usio chini ya milimita za mraba 2.5. Pampu inayovuma bila kuzunguka mara nyingi ina kapasita dhaifu, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka; ibadilishwe kwa ileile iliyoandikwa ubavuni. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya mkono wowote kugusa. Maji ya chumvi, sakafu mbichi na umeme ni mauti.

Kwa wenye lile tangi dogo la chuma lenye puto la mpira ndani, dalili moja inatosha: pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache mfereji ukiwa wazi, na maji yanapiga mapigo. Hewa ya tangi imepungua. Zima pampu, fungua mfereji mpaka maji yaishe, kisha pima hewa kwenye ile vali iliyo kama ya baiskeli. Ikiwa swichi ya presha imewekwa kuwaka bar 1.4 na kuzima bar 2.8, hewa iwe bar 1.2. Jaza kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza ile vali yakatoka maji, puto limepasuka. Tangi zima la lita 24 linatoa kama lita 7 au 8 tu kabla ya pampu kuwaka tena, kwa hiyo usilichukulie kama akiba.

Kisima chenyewe

Tufike sasa mahali ambapo pampu kubwa hugeuka kutoka upotevu wa pesa na kuwa madhara.

Pima kisima alfajiri, kabla mtu hajavuta. Teremsha kamba yenye jiwe hadi usikie linagusa maji, weka alama. Vuta kwa pampu nusu saa, pima tena. Zima, ngoja nusu saa nyingine, pima mara ya tatu. Kisima chenye upana wa mita 1 kina kama lita 80 katika kila sentimita 10 za kimo. Tuseme baada ya kuzima, maji yalipanda sentimita 20 katika nusu saa: hizo ni lita 160, yaani kama lita 5 kwa dakika. Pampu yako inatoa 30. Hapo umeshaipata siri ya maji yanayoanza kwa nguvu na kuishia kukohoa. Hakuna kilichoharibika. Pampu inakula haraka kuliko kisima kinavyopika.

Na kisima hicho si maskini. Lita 5 kwa dakika, usiku na mchana, ni lita 7,200 kwa siku. Familia haizimalizi. Kisima kinachotaka ni kuvutwa polepole na kwa muda mrefu.

Visima vilivyo karibu na pwani vina jambo lingine ambalo mabaharia wataliona upesi kuliko mafundi. Kwetu bahari hupanda na kushuka kama mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku inapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji ya kisima kilicho karibu nayo hufuata, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo zaidi. Ikiwa bafu lako linakuwa dhaifu siku chache, linapona, kisha linarudia, andika tarehe za mwezi. Udhaifu ukiangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa za maji kupwa, pampu yako ni nzima kabisa. Uso wa maji unashuka chini ya ile mipaka ya mrija wa dafu, au chini ya vali. Vuta wakati bahari imejaa.

Kisha chumvi. Chini ya kisiwa, na chini ya ukanda wa pwani wa Malindi pia, maji matamu hayana chombo. Ni mvua iliyozama ardhini ikaelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo: mita moja ya ujazo ya maji matamu ina kilo 1,000, ya bahari kama 1,025. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake. Hesabu hiyo inafanya kazi kinyume pia. Ukiushusha uso wa maji matamu sentimita 25 ukauacha hapo, ule mpaka wa chumvi chini unaelekea kupanda mita 10. Pampu kubwa inayovuta kwa pupa inainua chumvi moja kwa moja chini ya kisima, kama mlima unaochomoza. Matuta ya mchanga ya Shela yanalindwa kwa sababu hiyohiyo: mvua inayozama pale ndiyo inayoulisha mji.

Kwa hiyo wazo la "chimba zaidi, utafika kwenye maji mengi" kwetu ni la kuogopa. Ukichimba zaidi karibu na bahari unayafikia maji mengi kweli, ila ni ya bahari. Kisima cha mashine kinahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na jirani yako anavuta maji matamu yaleyale. Tena ndani ya mji, ambako vyoo vya shimo haviko mbali na visima, kuvuta kwa nguvu kunayavuta na machafu. Maji ya kisima cha mjini yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini.

Bafu la juu litengenezweje basi?

Wengi hufikiria kulinyanyua tangi. Kila mita moja unayoinyanyua inakupa bar 0.1 tu, na tangi la lita 1,000 lililojaa lina uzito wa tani moja. Dari la nyumba ya zamani limebebwa na boriti za mikoko. Tani moja juu ya mnara mdogo, miguu yake ikiwa katikati ya chumba badala ya juu ya kuta, ni hatari kwa wanaolala chini. Na mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo ujenzi unaoonekana juu ya paa unataka kuulizwa kwanza.

Njia nyepesi ni pampu mbili zenye kazi mbili. Ya kisimani ibaki ndogo, iongozwe na boya la umeme (swichi inayoelea) ndani ya tangi na jingine ndani ya kisima la kuizima maji yakishuka. Kama bado inakishinda kisima, iwekewe saa ya kuiwasha dakika chache tu kila saa. Katika mfano wetu wa lita 5, pampu ya lita 30 ikiwaka dakika 10 kwa saa inachukua lita 300, sawasawa na kile kisima kinachorudisha katika saa hiyo. Kwenye mdomo wa tangi, kwenye tawi la bafu la juu peke yake, funga pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ile ya wati 100 hivi inayowaka yenyewe maji yakitembea. Inaongeza kama bar 0.8, na inavuta tangini, haigusi kisima. Ifungwe chini ya usawa wa mdomo wa tangi ili isinyonye hewa, mshale uliochorwa ubavuni uelekee bafuni, chujio liwe kabla yake, upande wa tangi, na ipitishwe paipu ya pembeni yenye koki ili siku umeme ukikatika maji yaendelee kushuka kwa uzito wake. Usiifunge kamwe kwenye paipu inayotoka kampuni ya maji: itanyonya maji ya majirani, na penye ufa itanyonya uchafu wa ardhini.

Ikishafungwa, rudi na ndoo ya lita 20 palepale bafuni, uhesabu tena, uandike namba mpya kando ya ile ya zamani, pamoja na tarehe na kimo cha maji ya kisima cha alfajiri ile.